Kichwa-kijivu au kichwa-cheusi? Muulize ncha ya bawa

Mwezi wa Machi, ufukweni mwa Ziwa Naivasha au kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria, shakwe wawili wadogo wanaweza kusimama juu ya jiwe moja wakakushinda. Wote wana mgongo wa kijivu, domo jekundu, miguu myekundu na kofia iliyokolea kichwani. Mmoja ni mwenyeji, shakwe kichwa-kijivu (*Chroicocephalus cirrocephalus*). Wa pili ni mgeni kutoka Ulaya na Asia, shakwe kichwa-cheusi (*Chroicocephalus ridibundus*), ambaye muda si mrefu atashika njia ya kaskazini. Mwezi wa Novemba hali ni ngumu zaidi. Kichwa-cheusi amekwisha vua kofia, na kichwa-kijivu asiye katika msimu wa kuzaa kofia yake imefifia hadi kubaki kivuli tu.

Wakiruka, ubishi unakwisha. Tofauti yao kubwa haiko kichwani wala domoni, bali katika manyoya machache ya mwisho wa bawa, ambayo shakwe akisimama huyakunja yasionekane vizuri. Wengi hukosea kwa sababu hutazama kichwa kwanza, wakaridhika, wakaandika jina.

Kuhesabu manyoya

Bawa la shakwe ni mkono: lina bega, kiwiko, kifundo na kiganja. Kwenye kiganja huota manyoya marefu 10 ya kurukia. Huhesabiwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo unyoya wa 1 uko karibu na kifundo na wa 10 ndio wa nje kabisa, unaokata upepo. Kwenye vitabu na kwenye mitandao ya watazama ndege utaona umeandikwa P10. Kuhesabu kunaanzia ndani kwa sababu ndege anapobadilisha manyoya ya kiganja huanza na wa 1 na kumalizia na wa 10. Shika mpangilio huo, maana baadaye ndio utakaokueleza kwa nini shakwe fulani “amekosa” alama anayopaswa kuwa nayo.

Jambo la pili ni kioo. Hilo ni doa jeupe lililo ndani ya weusi, karibu na ncha ya unyoya lakini si kwenye ncha yenyewe. Ncha nyeupe ni kitu kingine: ni ukingo mwembamba mwishoni kabisa, na huchakaa upesi. Ukichanganya hivi viwili utapotea.

Wawili wa maziwani

Mtazame kichwa-kijivu mzima akipita juu yako. Manyoya ya 10 na 9 ni meusi karibu yote, na kila moja lina kioo kikubwa karibu na mwisho. Kwa mbali vioo hivyo huonekana kama matundu mawili meupe yaliyotobolewa kwenye kitambaa cheusi. Ukirudi ndani, kwenye shina la manyoya hayo ya nje, yaani pale yanapoanzia, kuna baka jeupe pana. Mpangilio wake kutoka kifundoni hadi nchani basi ni nyeupe, nyeusi, kioo, nyeusi.

Kichwa-cheusi ni kinyume chake. Manyoya yake ya nje ni meupe, na weusi uko nchani tu. Ukingo wote wa mbele wa kiganja unang'aa kama kabari nyeupe iliyoanza kifundoni na kwenda kuchongoka mwishoni, na nyuma yake ncha nyeusi zimejipanga kama pindo. Unyoya wa 10 una uzi mweusi mwembamba kwenye ukingo wa nje, ambao bila darubini nzuri huuoni. Hana kioo hata kimoja.

Kanuni ya kubeba kichwani ni hii: weupe uliozungukwa na weusi ni wa kichwa-kijivu, weupe ulio ukingoni ni wa kichwa-cheusi.

Usiishie juu ya bawa, maana chini yake ndiko kwenye ushahidi usioyumba. Bawa la kichwa-kijivu kwa chini ni la rangi ya moshi karibu lote, na kiganja ni cheusi zaidi huku vioo vikitokeza. Kichwa-cheusi kwa chini ana mstari mweupe wa manyoya mawili au matatu ya nje, kisha ghafla kivuli cheusi kwenye manyoya ya katikati ya kiganja, kisha kijivu chepesi. Hata ndege akiwa mbali kiasi cha kutoona domo, mchezo huo wa mwanga na giza huonekana kila bawa linapopanda.

| | Kichwa-kijivu | Kichwa-cheusi |
|---|---|---|
| Unyoya wa 10 na wa 9 | mweusi, kioo karibu na ncha | mweupe, ncha nyeusi |
| Ukingo wa mbele wa kiganja | mweupe karibu na kifundo, kisha mweusi | mweupe karibu wote |
| Chini ya bawa | moshi, kiganja cheusi | mstari mweupe nje, kivuli katikati |
| Jicho la mkubwa | jeupe au manjano hafifu, duara jekundu | jeusi |
| Kofia ya kuzalia | kijivu, ukingo umekolea | kahawia iliyoiva |
| Wakati wa kumkuta | mwaka mzima | hasa Oktoba hadi Aprili |

Kofia ya kahawia si kosa la uandishi. Jina “kichwa-cheusi” linadanganya: karibu, rangi yake ni ya chokoleti, na juu na chini ya jicho kuna kope nyeupe. Kichwa-kijivu hana kope hizo.

Kwa umbo, kichwa-kijivu ni mkubwa kidogo: urefu hadi sm 45 na upana wa mabawa hadi sm 115. Kichwa-cheusi huanzia karibu sm 94 kwa mabawa na hazidi sana sm 110. Vipimo vinapishana, kwa hiyo ukubwa usiutumie peke yake, labda kama wamesimama bega kwa bega.

Pa kujifunzia pazuri ni Ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe na Mfereji wa Kazinga, upande wa Uganda, ambako wote wawili hukaa pamoja msimu wa wageni. Visiwa vya Musambwa, katika Ziwa Victoria upande huohuo wa Uganda, ni mazalia makubwa ya kichwa-kijivu.

Vijana wanaosumbua

Yote hayo ni kwa ndege waliokomaa. Shakwe hawa wadogo huchukua miaka miwili hivi kupata manyoya ya kiutu uzima, na katika mwaka wa kwanza wote wana utepe wa kahawia mgongoni mwa bawa na mstari mweusi mwishoni mwa mkia. Jicho halikusaidii hapa, kwa sababu kichwa-kijivu kijana naye ana jicho la giza.

Kosa linalorudiwa kila msimu ni kumwona kijana mwenye kiganja cheusi kisicho na vioo, kisha kusema “hana vioo, basi si kichwa-kijivu”. Vijana wa kichwa-kijivu hawana vioo, au wanavyo vidogo mno. Kwa hiyo acha vioo na uulize swali jingine: katikati ya manyoya ya nje kuna rangi gani? Kijana wa kichwa-cheusi ana weupe ndani ya kiganja, umezungushiwa kingo za kahawia-nyeusi na ncha nyeusi. Mwanga ukipita nyuma yake, sehemu ile huangaza. Kijana wa kichwa-kijivu ana weupe kwenye shina tu, na nusu yote ya nje ni nyeusi, haipitishi mwanga. Na kwa chini bawa lake tayari lina ule moshi.

Wanaofanana na kichwa-cheusi

Ukishaiona kabari nyeupe, bado kuna shakwe wengine wawili wa kuwaondoa, hasa kama uko Ghuba ya Uajemi au Oman, ambako si wageni wa nadra kama walivyo Kenya na Tanzania.

Shakwe domo-jembamba (*Chroicocephalus genei*) ana ncha ya bawa iliyo karibu sawa kabisa na ya kichwa-cheusi. Tusidanganyane, kwa bawa peke yake wengi watashindwa. Geukia kichwa: hakivai kofia hata msimu wa kuzaa, paji limelala likashuka taratibu hadi kwenye domo refu, na shingo ikinyooshwa huwa ndefu isivyo kawaida kwa shakwe. Jicho la mkubwa ni jepesi, wakati la kichwa-cheusi ni jeusi.

Wa pili ni shakwe mkubwa mwenye kofia nyeusi kweli, *Ichthyaetus ichthyaetus*. Huyu mabawa yake hufika sm 170, kwa hiyo kumchanganya hutokea tu pale asipokuwepo ndege mwingine wa kulinganisha ukubwa. Weusi wa ncha yake haukai mwishoni kabisa. Ni mkanda uliopinda kama mwezi mchanga ukikatiza manyoya ya nje, na baada yake kuna ncha nyeupe kubwa. Domo ni la manjano lenye mkanda mweusi.

Pwani: ambaye hana weupe kiganjani

Kuanzia Kiunga hadi Dar es Salaam na visiwani, shakwe wa kila siku ni shakwe-masizi (*Ichthyaetus hemprichii*). Huzaliana kwenye visiwa vidogo vya Kiunga, kaskazini mwa Lamu, na kwenye pwani za Somalia, Bahari ya Shamu na Oman. Mgongo wake ni kahawia ya masizi, na kiganja ni cheusi kitupu, hakina kioo wala kabari. Chini ya bawa ni giza. Weupe pekee bawani ni pindo la nyuma, upande wa kiwiko, ambalo hukatika kabla ya kufika kiganjani. Kwenye mdomo wa Mto Sabaki, ambako hukusanyika kwa makundi pamoja na buabua, utamjua hata kwa kivuli.

Tatizo ni ndugu yake, *Ichthyaetus leucophthalmus*, shakwe wa kope nyeupe wa Bahari ya Shamu, ambaye kusini mwa Somalia huonekana kwa nadra sana. Naye kiganja chake ni cheusi kitupu. Hapa ncha ya bawa haikusaidii kitu, na anayedai ameona tofauti kwa bawa pekee aulizwe maswali. Tazama domo. La masizi ni nene, rangi ya kijani-manjano, lina mkanda mweusi na ncha nyekundu. La kope nyeupe ni jembamba, jekundu lenye ncha nyeusi kwa aliyekomaa, na jeusi lote kwa kijana. Kope zake ni nene, juu na chini ya jicho. Masizi mara nyingi anaonyesha ya juu tu.

Wakubwa wenye mgongo wa giza

Shakwe mgongo-mweusi (*Larus fuscus*) huja kwetu kwa sura mbili, na wapo wanaozihesabu kuwa spishi mbili. Wa Baltiki, *fuscus* mwenyewe, hupenda maziwa ya bara. Ndege waliofungwa vifaa vya kufuatilia nchini Finland wamefika hadi Ziwa Victoria. Wa Urusi ya kaskazini na Siberia, *heuglini*, ndiye anayetawala pwani.

Hapa usitafute idadi ya vioo, maana wote kwa kawaida wana kimoja kwenye unyoya wa 10, na pengine kadogo kwenye wa 9. Tafuta mpaka. Mgongo wa *fuscus* ni mweusi kiasi kwamba bawa lililofunguka halionyeshi mahali ncha inapoanzia: ni weusi mmoja kutoka bega hadi mwisho. *Heuglini* ana mgongo wa kijivu cha ubao wa shule wa zamani, na kiganja cheusi kinajitenga nao waziwazi. Fanya hukumu hiyo jua likiwa nyuma yako na kukiwa na mawingu mepesi. Jua la saa sita mchana huufanya mgongo wa *fuscus* ung'ae kijivu, na ndege aliye kinyume na mwanga huwa mweusi hata kama si mweusi.

Kipimo cha pili ni hali ya manyoya. *Fuscus* huacha sehemu kubwa ya kazi ya kubadilisha manyoya ya kiganja mpaka afike Afrika. *Heuglini* huanza mapema, angali kaskazini. Kwa hiyo Novemba, mwenye mgongo mweusi tii na manyoya mengi ya zamani, yaliyogeuka kahawia kwa kuchakaa, huelekea kuwa *fuscus*. Aliye katikati ya kazi, mapya ya ndani yakiwa meusi safi na ya nje yakiwa ya zamani, huelekea kuwa *heuglini*. Hiki ni kiunga-mkono tu, si hukumu.

Kwa walioko Maskati, Salalah au Dubai, orodha ni ndefu zaidi, kwa sababu fukwe za huko hupokea pia shakwe wa Kaspi (*Larus cachinnans*) na wa nyika za Asia ya Kati (*barabensis*). Piga picha ya chini ya unyoya wa 10. Kwa wa Kaspi, ulimi mrefu mweupe-kijivu umeingia ndani ya weusi kutoka shinani, na mwishoni kuna kioo kikubwa au ncha yote ni nyeupe. Kwa wa nyika, ulimi ni mfupi, weusi ni mwingi zaidi, na mgongo ni kijivu kilichokolea kumzidi wa Kaspi lakini hakifikii cha *heuglini*. Ndege wa kati kwa kati wapo. Wakikushinda, andika “shakwe mkubwa” uendelee na safari.

Kwa nini alama hupotea

Weusi wa unyoya unatokana na rangi ya asili iitwayo melanini, nayo huufanya unyoya kuwa mgumu. Sehemu nyeupe hazina, kwa hiyo jua, chumvi na mchanga huzila kwanza. Ncha nyeupe zilizokuwa safi Novemba zinaweza kuwa zimekwisha ifikapo Aprili. Kioo kilicho ndani hudumu zaidi kwa kuwa kimezungukwa na weusi, lakini kikiwa karibu mno na ncha nacho humeguka, na unyoya ukabaki na mwisho uliochanika.

Kubadilisha manyoya huleta kosa kubwa zaidi. Kwa sababu wa 10 ndio wa mwisho kuota, kuna majuma ambayo ndege mzima hana unyoya wa 10 kabisa, au anao ukiwa bado mfupi, umo ndani ya ala yake. Kioo hakipo, na unyoya unaoonekana wa nje kabisa ni wa 9 au wa 8. Dalili ni bawa butu, lenye mwisho wa mviringo badala ya kuchongoka, au pengo upande mmoja. Ukiona hivyo, usihesabu vioo. Linganisha mabawa yote mawili, kwani mara chache huwa sawasawa siku hiyohiyo.

Picha inayoweza kusomeka

Darubini ya 8×42 inatosha kuona kabari na vioo vya ndege wa karibu. Kuhesabu manyoya kunahitaji picha. Lenzi ya mm 300 au 400, kasi ya 1/2000 ya sekunde, na upige mfululizo ili upate angalau fremu moja bawa likiwa juu na moja likiwa chini. Punguza mwanga kidogo, kama theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga cha kamera): weupe ukiungua kwenye picha hutambaa juu ya weusi, na ncha nyeusi ya kichwa-cheusi hupungua hadi kuonekana ni ndege mwingine. Giza unaweza kulifungua baadaye kwenye kompyuta, weupe ulioungua haurudi.

Pwani, fika saa mbili hivi kabla ya maji kujaa. Fungu la mchanga linapozidi kuwa dogo ndege husogea, huruka na kutua tena karibu yako. Shakwe huruka na kutua akiuelekea upepo, kwa hiyo kaa upande unaotoka upepo, kwa pembe kidogo, na jua liwe mgongoni. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu mwanga uko chini na hugonga ubavu wa bawa. Saa sita huacha kivuli chini yake.

Asiyetaka kuruka msubiri ajinyooshe. Hunyoosha bawa na mguu wa upande mmoja pamoja, au huinua mabawa yote mawili juu ya mgongo kwa muda mfupi, na hapo unaona chini yote. Kama hafanyi hata hilo, mtazame kwa ubavu, chini ya mkia: ncha ya bawa la upande wa pili hutokeza ikionyesha uso wake wa chini. Ukiona hapo unyoya mweusi wenye doa jeupe, ni kichwa-kijivu. Ukiona mweupe ulioishia weusi, ni kichwa-cheusi.

Ukipeleka kumbukumbu kwenye miradi ya kukusanya taarifa za ndege, kama eBird, Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas, usiandike jina pekee. Andika ulichoona: “unyoya wa 10 na wa 9 meusi, kioo kwenye kila mmoja, chini ya bawa moshi, jicho jepesi.” Anayehakiki atamaliza kazi kwa dakika moja. Ukiandika “kichwa kilikuwa na rangi” atakurudishia swali, na ndege atakuwa ameshaondoka.